Hana Hakuwa Mlevi

Nawasalimu nyote wa hapa Buhare, Makoko na Mwisenge. Nawasalimu wa Nyegina, wa Butiama, wa Bunda. Na akina mama mnaoanika dagaa ufukweni saa hizi, najua redio mnayo hapo karibu. Wanachuo wa Maendeleo ya Jamii hapa Buhare sijawasahau, nina neno lenu mbele kidogo.

Leo naomba tuzungumze habari ya mwanamke aliyeolewa ambaye hajapata mtoto. Na pamoja naye tumkumbuke yule aliyejaliwa watoto wa kike watupu, kwa kuwa huku kwetu hao wawili mara nyingi huwekwa kundi moja, na maneno wanayosemwa ni yale yale. Swali langu ni hili, na nitalirudia: Ukristo wetu unamwambia nini mwanamke huyu? Na sisi waumini, tunamwambia nini?

Nianze na jambo ambalo wengi mmeliona. Kuna ubatizo kwenye jumuiya. Mama mmoja ameamka saa kumi alfajiri kuja kupika. Ndiye aliyechambua mchele, ndiye aliyepara sato, ndiye aliyekaa na moshi nyuma ya nyumba mpaka macho yakawa mekundu. Watu wanarudi kutoka kanisani, mtoto kavaa nguo nyeupe, vigelegele, kila mtu anampokea na kumpitisha kwa mwenzake. Mama yule anajifuta mikono kwenye kanga, anaikagua isije ikawa na masizi, ananyoosha mikono apokee. Bibi wa mtoto anamgeuza mjukuu upande wa pili, taratibu kabisa, kama vile anamkinga na jua. Hakuna aliyesema neno. Mama yule akarudi jikoni kuangalia wali.

Kwa nini bibi alimgeuza mtoto? Mnajua kwa nini. Anaogopa jicho. Anaona kwamba mwanamke asiyezaa ana kijicho, na uchungu wake unaweza kumdhuru mtoto. Na bibi huyo huyo asubuhi ile alikuwa kanisani, ameungama imani, ametaja Mungu Baba Mwenyezi. Sasa ndugu zangu, mtoto amebatizwa, ametiwa alama ya msalaba, tunamwogopea mikono ya mama aliyempikia karamu yake?

Twende kwenye Maandiko. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinafunguka na mwanamke anayelia. Jina lake Hana. Mumewe Elkana ana wake wawili, Hana na Penina. Penina ana watoto, Hana hana. Kila mwaka wanapanda kwenda Shilo kutoa sadaka, na kila mwaka Penina anamchokoza mwenzake mpaka analia na kususa chakula. Elkana anampenda sana Hana, anampa fungu maradufu la nyama, na anamuuliza kama yeye mume si bora kwake kuliko watoto kumi. Ni mume mwema huyu. Nataka akina baba mumsikilize Elkana, kwa sababu hakusema atatafuta mwingine, hakumrudisha kwao, hakudai ng'ombe wake. Lakini maneno yake hayakufuta machozi ya Hana, na Biblia haimlaumu Hana kwa kulia.

Akaondoka mezani, akaenda mbele za Bwana. Akaomba moyoni, midomo inacheza, sauti haisikiki. Na mlangoni ameketi nani? Kuhani Eli. Kuhani anamtazama mwanamke anayeomba, na anaamua kwamba amelewa! Anamkemea aache pombe. Hebu fikirini. Mwanamke ametoka kutukanwa nyumbani, amefika nyumbani kwa Mungu, na mtu wa Mungu anamwita mlevi. Hana akamjibu kwa heshima kwamba hajaonja divai, ana uchungu tu, anaumimina moyo wake. Eli, kwa sifa yake, alisikia. Akabadili kauli pale pale, akambariki.

Wachungaji wangu, mapadre wangu, makatekista, wazee wa kanisa: kuhani alikosea kumsoma mwanamke asiye na mtoto. Alimwona, akadhani anamjua. Mambo hayo hata leo yapo. Mama akipunguza kuja kwenye kwaya, tunasema amepoa imani. Akikataa kwenda kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto, tunasema ana roho mbaya. Tumemuuliza?

Na sasa sikilizeni jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio. Hana aliondoka pale Shilo, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Lini? Kabla ya kushika mimba. Samweli bado. Tumbo bado. Alichokipata siku ile ni kwamba amesikilizwa na amebarikiwa, basi. Sisi tunairuka sura mpaka mahali mtoto anapozaliwa, halafu tunamwambia kila mwanamke, "Omba kama Hana, mwaka huu utabeba." Na mwaka ukipita? Anaambiwa hakuomba vizuri. Anaambiwa kuna dhambi imejificha. Anauziwa maji, anauziwa mafuta, anaambiwa apande mbegu ya fedha. Mimi nasema wazi, na aliyekasirika akasirike: mtu anayemtoza fedha mwanamke anayelia kwa ajili ya mtoto anafanya kazi ya Penina, hata kama ameshika Biblia.

Narudia swali. Ukristo wetu unamwambia nini?

Kwa Wakatoliki jambo hili limeandikwa, halina utata. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1084, inasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Na kanuni ya 1057 inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili. Ridhaa yao, wala mtu mwingine hawezi kuitoa kwa niaba yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, unafundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa peke yake, na kwamba hata watoto wanaotamaniwa wasipopatikana, ndoa inabaki ndoa nzima. Sikilizeni neno hilo, nzima. Haijapungua, haiko kwenye matazamio.

Na ninyi ndugu zangu wa Mennonite, wa Anglikana, wa Sabato, wa AIC, msidhani haya ni ya Roma tu. Fungueni Mwanzo sura ya pili. Mungu anaona si vema mtu awe peke yake, anamletea mwanamke, wanakuwa mwili mmoja. Watoto wametajwa hapo? Hawajatajwa. Agizo la kuzaa liko katika sura ya kwanza, na ni baraka, tunaipokea kwa shukrani. Lakini ndoa ile ya bustanini ilikuwa ndoa kabla mtoto hajaonekana. Halafu nendeni kwa Luka sura ya kumi na moja. Mwanamke mmoja katika umati alipaza sauti kulisifu tumbo lililomzaa Yesu na matiti aliyoyanyonya. Ni sifa kubwa, ya mama kwa mama. Yesu akamjibu kwamba heri zaidi ni wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Alisema hayo kuhusu mama yake mwenyewe! Kama tumbo la Maria halikufanywa kipimo, tumbo la jirani yako litakuwaje kipimo?

Sasa tuje nyumbani. Nani kasema kwamba huku kwetu mwanamke amekuwa akipimwa kwa namna moja tu tangu zamani? Hapa tulipo ni Bukwaya. Hugo Huber, mtafiti aliyechapisha kitabu kuhusu ndoa na familia za Bukwaya mwaka 1973, aliwakuta Wakwaya ni watu ambao ukoo wao ulikuwa ukifuata upande wa mama. Jirani zao wengine walifuata upande wa baba. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba mila ya Mara ni moja na haijawahi kusogea. Imesogea, na itasogea.

Tazameni pale Butiama. Chifu Nyerere Burito alikuwa na wake 22. Mama Mugaya Nyang'ombe alikuwa mke wa tano, na ndiye aliyemzaa Julius, Mwalimu Nyerere wetu. Kijana huyo amekulia katika boma ambalo kila mwanamke ana nyumba yake, shamba lake na zamu yake, akawaona mama zake wakifanya kazi na wasiwe na kauli. Baba yake alimposea mchumba angali mdogo, kama ilivyokuwa desturi. Alipofika Makerere akamsoma mwandishi Mwingereza John Stuart Mill, akaandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiwatazama wanawake wa kwao. Insha hiyo ilikuja kuchapishwa baada ya kifo chake. Desemba 1943 alibatizwa. Posa ile ya utotoni haikufika popote. Januari 1953, hapa Musoma, alifunga ndoa na Maria Gabriel, mwalimu wa Shule ya Msingi Nyegina, binti aliyesomeshwa na masista. Mke mmoja, kwa hiari ya wote wawili. Na Mwalimu alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili ashike siasa, aliyeendesha duka dogo pale Magomeni ili nyumba ipate chakula ni Mama Maria.

Mtasema, "Lakini Mama Maria alijaliwa watoto wengi, wa kiume na wa kike." Ni kweli, na tunamshukuru Mungu. Ndiyo maana nauliza: je, asingejaliwa, ndoa ile iliyofungwa mbele ya altare ingekuwa pungufu? Jibu la imani tumeshalisikia. Jibu la mawifi na mashemeji ndilo linalotutesa.

Na hapa nifike mahali pagumu, naombeni utulivu. Kuna ndoa tunayoijua wote, hasa upande wa Tarime na Serengeti, inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye mali, mara nyingi mjane au mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe kwa wazazi wa msichana na kumwoa. Hakuna mambo ya mwili kati yao. Anatafutwa mwanamume wa kuzaa na binti, na watoto wanahesabiwa wa yule mama mwenye ng'ombe. Anapata wa kumrithi, anapata wa kumchotea maji, na mji wake haufi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui, maana inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Makanisa nayo hayaitambui.

Ni rahisi kupanda mimbarini na kuikemea. Mimi naomba kwanza tumuulize yule mama: kilichokusukuma ni nini? Atakwambia: "Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja na fimbo kupima shamba. Waliniambia sina mwana, kwa hiyo sina changu." Huyo mama tulimpa nini sisi wa kanisani? Tulimzika mumewe, tukaimba vizuri sana, tukala, tukaondoka. Shemeji wakabaki.

Lakini haki ya mama yule haiwezi kununuliwa kwa maisha ya msichana. Hapo nasimama imara. Tumsome Sara. Sara hakuwa na mtoto, akamchukua mjakazi wake Hajiri na kumtoa kwa Abrahamu ili apate mtoto kupitia kwake. Ukisoma sura yote, nani alimuuliza Hajiri? Hakuna. Abrahamu hakumuuliza, Sara hakumuuliza. Wa kwanza kumwita kwa jina lake na kumuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi ni malaika wa Bwana, jangwani, binti akiwa ameshakimbia na mimba. Na Hajiri ndiye aliyempa Mungu jina, Mungu anayeniona. Katika ndoa ya nyumba ntobhu, na katika ndoa nyingine yoyote ya ng'ombe na haraka, huyo binti wa miaka kumi na tano ni Hajiri. Ridhaa yake iko wapi? Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama imesema. Mimbari zetu je?

Na kuna Ruthu. Naomi, mjane aliyepoteza wana wawili, amerudi Bethlehemu mikono mitupu. Mkwewe Ruthu anakataa kumwacha. Ruthu anaolewa na Boazi, anazaa, na wanawake wa mji wanasema Naomi amepata mwana. Mtoto anawekwa kifuani kwa bibi asiyekuwa na damu yake. Mtu wa Tarime akisoma hapo atasema, "Mbona haya ni yetu?" Ni kweli yanakaribiana. Tofauti ni kwamba Ruthu aliambiwa arudi kwao, akaamua kubaki. Alisema kwa kinywa chake. Na alimjua Boazi, akamwendea mwenyewe. Mtoto akapata bibi, bibi akapata mjukuu, na hakuna aliyelipiwa ng'ombe ili anyamaze.

Wapenzi wasikilizaji, nataka sasa niseme lile lililonileta studio leo. Kanisa la huku Mara lilishawahi kusimama mbele ya ukoo mzima kwa ajili ya mwanamke asiyezaa. Mnakumbuka? Msichana aliyetaka utawa. Baba anapiga hesabu ya mahari, wajomba wanasubiri fungu lao, na binti anasema haolewi, anakwenda kwa masista. Ulikuwa msiba! Kutozaa kwa kupenda lilikuwa jambo lisilosikika. Wamisionari na maaskofu walimtetea binti huyo, walikaa na wazazi, walivumilia lawama. Leo Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Afrika tunawaona Makoko na kwingineko, tunawaheshimu, wazazi wanajivunia. Nendeni kituo cha Jipe Moyo hapa mjini mkaone wanavyolea watoto wasio na pa kulala na mabinti waliokimbia ukeketaji. Waanglikana nao walifungua nyumba ya hifadhi pale Mugumu mwaka 2014 kwa ajili ya mabinti hao hao. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, aliuweka umama na ubikira kando kwa kando, vyote viwili njia kamili za kuwa mwanamke.

Sasa basi. Kanisa lililoweza kumtetea msichana asiolewe, linashindwaje kumtetea mke asiyepata mtoto? Sista hana mtoto, tunampigia magoti. Mke hana mtoto, tunamficha mtoto wa ubatizo. Nalirudia ili liingie: sista hana mtoto tunamheshimu, mke hana mtoto tunamnong'ona. Hoja iliyomlinda yule ndiyo hiyo hiyo ya kumlinda huyu.

Na tuseme ukweli wa hospitali, kwa sababu Mungu hapendi ujinga. Ndoa ikikosa mtoto, sababu inaweza kuwa kwa mke, inaweza kuwa kwa mume, inaweza kuwa kwa wote wawili. Mume yumo katika karibu nusu ya visa. Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasipotibiwa huziba mirija ya mwanamke, na mara nyingi nani aliyeyaleta nyumbani? Baba, ukimpeleka mkeo hospitali, vua koti na wewe upimwe. Ukikataa kupimwa, huna haki ya kumwita mkeo jina lolote. Na kuhusu watoto wa kike watupu: yai la mama hubeba chembe ya aina moja siku zote, mbegu ya baba ndiyo huja na moja kati ya aina mbili, na hiyo ndiyo inayoamua mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Kwa hiyo mwanamume anayeoa mke wa pili ili apate wa kiume anamwadhibu mkewe kwa jambo lililotoka kwake yeye. Semeni na majirani: mbegu ya baba ndiyo inayoamua.

Lingine ni shamba. Mama asiye na mwana huogopa uzee kwa sababu ya shamba na nyumba, tumeshaona. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi. Mwaka 1990, hapo Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, mwanamke aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mpwa akaja kudai kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ikasema haki yake ni sawa na ya mwanamume. Lakini Mama Holaria alikuwa na kitu mkononi, wosia. Elkana wa leo akimpenda Hana wake asiishie kwenye fungu maradufu la nyama. Aandike wosia. Aandikishe majina mawili kwenye hati. Hayo ndiyo mapenzi yanayobaki baada ya mazishi.

Na kuna kuasili mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kuasili na wa malezi ya kambo; unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii. Mtoto wa kuasili ni mtoto, nukta. Yusufu alimlea Yesu, na hakuna mtu kanisani anayethubutu kusema hakuwa na familia.

Neno lenu, wanachuo. Watu wa makamo wanakikumbuka chuo chenu kilipokuwa cha sayansi kimu, mabinti wakifundishwa upishi, usafi na ulezi. Yalikuwa masomo ya maana na mama zetu wengi walinufaika. Leo mnafundishwa maendeleo ya jamii, wavulana kwa wasichana, na mtapangiwa vijijini. Mkifika kijijini na kuitisha kikundi cha akina mama, msiandikishe wenye watoto tu. Mtazameni aliyekaa nyuma, ambaye hata kuitwa hakuitwa. Na ninyi viongozi wa WAWATA, umoja wa akina mama Wakatoliki, na wa Umoja wa Mama wa makanisa mengine, shughuli zetu nyingi zimekuwa za uzazi: tunamtembelea aliyejifungua, tunamchangia, tunambebea uji. Aliyetoka hospitali mimba imeharibika, nani anambebea uji?

Namalizia na swali la msikilizaji mmoja, mwinjilisti wa kijijini, aliyeniandikia akisema: kuna bibi alioa nyumba ntobhu miaka mingi iliyopita, binti aliyemwoa ameshazaa, na sasa bibi anaomba ubatizo. Afanyeje?

Mwinjilisti wangu, asante. Hatuko wa kwanza kupata shida ya namna hii. Wamisionari wengi wa zamani walimwambia mwenye wake wengi awaachishe wote abaki na mmoja ndipo abatizwe, na wanawake walioachishwa wakatoka na watoto mgongoni, hawana shamba, hawana jina. Maaskofu wa Anglikana duniani walipokutana Lambeth mwaka 1988 waliliona kosa hilo. Wakaamua kwamba mtu wa wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, akiahidi kutoongeza mwingine, na asilazimishwe kuwafukuza hao alionao, kwa sababu ya mateso yatakayowapata. Makanisa mengine yana taratibu zao, nawe utamuuliza askofu wako. Lakini mwongozo wa huruma hiyo unakufaa: usimfikishe bibi kwenye maji ya ubatizo kwa kumpitisha juu ya mgongo wa binti. Bibi aache kumwita mke, amwite mwanawe. Aachane na kumchagulia mwanamume. Ng'ombe wasidaiwe kwa wazazi wa binti. Watoto wabatizwe, wapewe baraka, na sehemu ya shamba iandikwe kwa jina la mama yao mbele ya serikali ya kijiji, bibi angali hai na akili timamu. Binti akitaka kubaki kumtunza bibi, abaki. Akitaka kuolewa na mtu anayempenda mwenyewe, kanisa limsindikize kwa vigelegele kama binti mwingine yeyote.

Itisheni kikao: bibi, wazee wa ukoo, wewe, na mama mmoja au wawili wa kanisani wanaotunza siri. Na wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe yule binti. Mwulizeni anatoka wapi, na anataka kwenda wapi. Mkae kimya mpaka amalize.

Haya wapendwa, fundi mitambo ananionyesha saa. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za mahari. Mbaki na amani ya Bwana. Kwaherini.